Google Search Console: mapitio ya fundi cherehani

Kwa siku 23 tovuti yangu haikuwepo kwenye Google, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Naifungua asubuhi, iko. Naifungua kwa simu, iko, tena imependeza kuliko zamani. Aliyenishtua ni msomaji mmoja aliyeniandikia: "Fundi, ule ukurasa wako wa cherehani inayoruka mishono umeufuta? Nautafuta siuoni." Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ukurasa upo, nikamtumia na kiungo. Baada ya kutuma ndipo nikaenda kuutafuta kama alivyoutafuta yeye, kwa kuandika maneno. Kweli haukuwepo. Nikaandika jina la tovuti yenyewe. Nalo halikuja.

Naandika mapitio haya ya Google Search Console kwa sababu ndiyo iliyonitoa shimoni, na kwa sababu nimeitumia miaka saba, mitano ya kwanza nikiitumia vibaya. Mimi si mtaalamu wa SEO, ile kazi ya kuisaidia tovuti ionekane juu kwenye injini za utafutaji. Natengeneza mashine za kushonea, na usiku naandika jinsi ya kuzitengeneza. Tovuti ina kurasa 214 na mwandishi mmoja. Anayesimamia duka la mtandaoni lenye bidhaa laki moja atafute mapitio ya mwenzake.

Kwa asiyeijua, Search Console ni huduma ya bure ambayo Google inampa mwenye tovuti ili aione kazi yake kutoka upande wa injini ya utafutaji. Ilianza mwaka 2005 ikiitwa Google Sitemaps, mwaka uliofuata ikawa Webmaster Tools, na Mei 2015 ikapewa jina la sasa, kwa maelezo kwamba wanaoitumia si wasimamizi wa tovuti peke yao. Nakubaliana nao; sijawahi kujiita msimamizi wa tovuti hata siku moja. Haihesabu dakika ambazo mgeni amekaa kwako wala alichobonyeza akiwa ndani. Inasimulia yaliyotokea mlangoni: watu waliandika maneno gani, ukurasa wako ulionyeshwa mara ngapi, ulikuwa wa ngapi, ulibofywa mara ngapi. Na kabla ya hapo, kama roboti ya Google, yaani programu yake inayopita ikisoma kurasa, iliufikia, ikausoma, ikauweka kwenye faharasa (orodha ambayo matokeo ya utafutaji hutolewa) au ikauacha.

Sasa yale ya siku 23. Nilikuwa nimeipa kazi kampuni ndogo, sitaitaja, inichoree tovuti upya na "kuipandisha". Wakati wa ujenzi waliliweka toleo jipya mahali pa majaribio, wakatia alama kwenye kile kisanduku cha mipangilio ya WordPress kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Hapo walikuwa sahihi. Nguo iliyopigwa bandi haitundikwi dirishani. Tatizo ni kwamba siku ya uzinduzi walilihamisha toleo lile kama lilivyo, na kisanduku kikahama na alama yake. Kuanzia hapo kila ukurasa wangu ulibeba ndani ya msimbo neno moja: noindex, yaani usiniorodheshe. Msomaji halioni neno hilo. Roboti inaliona na inatii bila kuuliza.

Juu kabisa ya Search Console kuna upau wa kukagua anwani. Unabandika anwani ya ukurasa wako, unasubiri kidogo, na unapewa cheti cha daktari: ukurasa uko kwenye Google au hauko, roboti ilikuja mara ya mwisho lini, ilikuja kama simu au kama kompyuta, iliruhusiwa kuingia au ilizuiwa, na kama kuna nakala kadhaa za ukurasa huo, wewe umesema ipi ndiyo ya asili na Google imechagua ipi. Hayo mawili ya mwisho yanaweza kutofautiana, na yakitofautiana, chaguo la Google ndilo linalotumika. Mimi nilibandika anwani ya ukurasa wa mishono inayoruka. Jibu: hauko kwenye Google, umeondolewa na lebo ya noindex, roboti ilipita siku mbili baada ya uzinduzi.

Nilikaa nikiitazama sentensi hiyo. Mashine ikifa huwa inaaga: harufu ya mota, mlio wa chuma kukwaruzana, uzi kujaa chini ya kitambaa. Tovuti haikuniaga.

Na mezani nilikuwa na ripoti ya kampuni ya mwezi uleule. Alama 94 kati ya 100, rangi ya kijani. Programu yao ya kulipia ilikuwa imepima urefu wa vichwa vya kurasa, idadi ya maneno, uzito wa picha na mpangilio wa vichwa vidogo, ikasahau swali moja tu la kuuliza kabla ya yote: je, ukurasa huu unaruhusiwa kuonekana? Ripoti hiyo hiyo ilijivunia kwamba kila ukurasa umewekewa "maneno muhimu" 40 kwenye lebo ya siri ya msimbo. Septemba 2009 Google ilitangaza hadharani kwamba haiitumii lebo hiyo kupanga matokeo ya utafutaji wake. Nilikuwa nimelipia kazi iliyokwisha maana miaka mingi kabla hata sijanunua domeni.

Utauliza: kwani Search Console haitumi barua pepe mambo yakiharibika? Inatuma. Ila barua zilikwenda kwa kampuni, maana wao ndio walioisajili tovuti upya kwenye akaunti yao, mimi wakaniachia ruhusa ya kutazama kwenye anwani ya barua pepe ambayo siifungui. Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu ndilo jambo ambalo ningependa msomaji mwenye tovuti alifanye leo hii. Search Console ina ngazi za ruhusa: mmiliki, mtumiaji mwenye ruhusa zote, na mtumiaji mwenye ruhusa chache. Mmiliki ndiye anayeweza kuongeza na kuondoa wengine. Wewe uwe mmiliki. Fundi wako mpe ngazi ya pili, na kazi ikiisha mwondoe. Kilichoniokoa ni kwamba domeni imesajiliwa kwa jina langu, kwa hiyo niliweza kuthibitisha umiliki kupitia DNS: unapewa mstari wa herufi, unaubandika kwenye mipangilio ya domeni kule ulikoinunua, na Google inausoma. Njia hii inafungua kile wanachokiita mali ya domeni nzima, iliyokuja Februari 2019; "mali" ni jina lao la tovuti uliyoisajili kwenye Search Console. Inakusanya pamoja anwani za http na https, zenye www na zisizo nayo, na matawi yote ya domeni. Kabla yake nilikuwa na mali nne tofauti za tovuti moja na nilikuwa nasoma ile isiyo na watu.

Nikatoa alama kwenye kisanduku. Nikabonyeza kitufe cha kupima ukurasa moja kwa moja, ambacho hutuma roboti sasa hivi badala ya kutegemea ziara ya zamani, kikanionyesha mpaka picha ya ukurasa kama roboti inavyouona. Safi. Nikaomba kurasa zangu muhimu ziorodheshwe, moja moja, hadi nikafikia kikomo cha siku. Kikomo kipo, na hakuna njia ya kukiruka. Zile zinazotembelewa sana zilirudi ndani ya siku chache. Nyingine zilirudi kwa mwendo wa konokono, na ukurasa mmoja wa mashine za zamani za kukanyaga kwa miguu ulichukua karibu miezi miwili.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwahi kuwekewa noindex.

Ripoti ninayoikaa nayo kuliko zote sasa ni ile ya kurasa, inayotenganisha zilizoorodheshwa na zisizoorodheshwa, na kwa zile zisizoorodheshwa inataja sababu. Baada ya dhoruba ile kupita nilidhani nitakuta kurasa 214 zote ndani. Nilikuta 183. Zilizobaki 31 hazikuwa na noindex wala kosa lolote la seva. Zilikuwa chini ya kichwa ambacho kila mwenye tovuti ndogo atakutana nacho siku moja: zimesomwa, kwa sasa hazijaorodheshwa. Maana yake roboti ilikuja, ikasoma, ikaondoka bila kuchukua. Kuna nduguye: zimegunduliwa, kwa sasa hazijaorodheshwa, yaani Google inajua anwani ipo lakini haijaja hata kuisoma. La pili linaweza kuwa suala la foleni tu. La kwanza linauma, kwa sababu umesomwa ukaachwa.

Na hapa ndipo udhaifu mkubwa wa chombo hiki ulipo. Kinakwambia umeachwa, hakikwambii kwa nini. Hakuna mstari unaosema "ukurasa huu ni mwepesi" au "umeshayasema haya kwingine". Kazi ya kubahatisha inabaki kwako, na sehemu kubwa ya biashara ya SEO inaishi ndani ya ukimya huo.

Mimi nilichapisha orodha ya zile 31 nikaisoma kama mteja. Nane kati yake zilikuwa kurasa za sindano, kila namba na ukurasa wake, kuanzia 60/8 hadi 110/18. Wakati naziandika niliona ni ujanja: namba nane, kurasa nane, milango minane. Ukweli ni kwamba kila ukurasa ulikuwa na aya mbili, na aya ya pili ilikuwa ileile. Nikaziunganisha zote kuwa ukurasa mmoja wenye jedwali: namba ya sindano, kitambaa kinachofaa, uzi unaofaa, na dalili za kuwa umeikosea. Anwani za zamani nikazielekeza kwa ule mpya kwa uelekezaji wa kudumu, ule wa 301, ili aliyehifadhi kiungo cha zamani asikutane na ukuta. Ukurasa mpya uliorodheshwa wiki hiyohiyo. Nyingine nilizifuta bila huruma. Zimebaki 12 ambazo naamini ni nzuri na Google bado haijashawishika. Tunatazamana.

Kosa langu la miaka ile mitano ya kwanza nalo lijulikane. Nilikuwa na kurasa za matokeo ya utafutaji wa ndani ya tovuti ambazo sikutaka zionekane kwenye Google. Nikaziwekea noindex, halafu kwa kujihami zaidi nikazizuia kwenye robots.txt, faili la tovuti linaloziambia roboti zisiingie wapi. Mlango na kufuli juu yake, nikadhani. Zikaendelea kuonekana, bila maelezo, kama nyumba yenye namba lakini haina madirisha. Search Console ilikuwa ikinionya mwaka mzima kwamba zimeorodheshwa ingawa zimezuiwa, nami nikidhani ni kelele. Mantiki yake ni rahisi ukishaambiwa: robots.txt inamkataza roboti kuingia, na asipoingia hawezi kuliona lile neno noindex lililo ndani. Ukitaka ukurasa utoke, mwache aingie alisome. Utaratibu wa robots.txt ulibuniwa na Martijn Koster mwaka 1994, ukaja kuwa kiwango rasmi, RFC 9309, Septemba 2022. Zamani wapo waliokuwa wakiandika noindex ndani ya faili hilo lenyewe; Google iliacha kuitambua tarehe 1 Septemba 2019. Ushauri wa namna hiyo bado unazunguka.

Tuje kwenye ripoti ya utendaji, ile yenye grafu ambayo kila mtu huifungua kwanza. Mimi ningependa watu waanze na orodha ya maswali iliyo chini ya grafu, yaani maneno ambayo watu wameyaandika wakitafuta. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui watu wanavyoongea. Tovuti yangu yote imeandika "cherehani". Watu wanaandika cherehani, cherahani, charahani, na mmoja aliandika "chereani" mara kadhaa ndani ya mwezi mmoja, nadhani ni mtu yuleyule mwenye hasira. Nilikuwa na ukurasa niliouita "Hitilafu za mkazo wa uzi". Jina zuri, la kifundi, nililipenda. Kwa miezi mitatu hakuna mtu hata mmoja aliyeonyeshwa ukurasa huo kwa neno mkazo. Walikuwa wakiandika "uzi unajikunja chini", "uzi unajaa chini ya nguo", "cherehani inakula uzi". Inakula uzi! Miaka yote wateja wananiambia hivyo mdomoni, na nikikaa kuandika naandika "mkazo".

Nikabadilisha kichwa kikawa "Uzi unajikunja chini ya kitambaa: anza na uzi wa juu", kwa sababu mara nyingi mtu hulaumu bobini wakati kosa liko juu, uzi haukupita sawasawa kwenye visahani vya mkazo. Neno mkazo nikalibakiza ndani ya maandishi, mahali pake. Wastani wa nafasi ukatoka 14 hadi 6 katika wiki nane. Sitaapa kwamba ni kichwa peke yake kilichofanya kazi. Katika wiki hizo nane nilipiga pia picha mpya tano. Zile tahajia nyingine sikuzijaza kwenye kurasa, maana Google inaelewa kwamba cherahani na cherehani ni kitu kimoja, na ukurasa unaorudia neno moja kwa tahajia nne unasomeka kama wa mlevi.

Mipaka ya ripoti hii uijue mapema. Data inakaa miezi 16, baada ya hapo inatoweka. Mimi naipakua kila robo mwaka na kuihifadhi kwenye lahajedwali. Jedwali linaonyesha mistari 1,000 tu. Kwa tovuti yangu inatosha, mwenye tovuti kubwa atahitaji API (njia ya programu kuchota data yenyewe) au uhamishaji wa data kwenda BigQuery, ghala la data la Google, ulioanza Februari 2023. Maswali yanayoulizwa na watu wachache sana hufichwa kwa ajili ya faragha, kwa hiyo ukijumlisha mistari ya jedwali hutapata jumla iliyoandikwa juu. Usimpigie mtu simu usiku kwa ajili hiyo. Nimeshampigia.

Halafu kuna wastani wa nafasi, namba inayodanganya kwa upole kuliko zote. Tuseme una ukurasa unaoshika nafasi ya 3 kwa swali moja. Wiki inayofuata Google inaanza kuujaribu kwa swali jingine jipya, uko nafasi ya 57. Wastani umeanguka vibaya, nawe hujapoteza chochote; umeongeza. Niliwahi kuandika upya ukurasa mzima kwa sababu ya anguko la namna hiyo, nikauharibu. Siku hizi sisomi wastani wa tovuti nzima. Nachuja swali moja, ukurasa mmoja, ndipo nasoma.

Jambo lililotokea Septemba 2025 linaonyesha vizuri namna namba hizi zinavyohitaji kusomwa pamoja na habari za tasnia. Google iliacha kukubali kigezo cha kwenye anwani, num=100, kilichomwezesha mtu kuita matokeo 100 kwa ukurasa mmoja. Programu nyingi za kufuatilia nafasi zilikuwa zikikitegemea. Wenye tovuti wengi walifungua Search Console wakakuta maonyesho yameporomoka, hasa ya kompyuta za mezani, na wakati huohuo wastani wa nafasi umepanda, mibofyo ikiwa palepale. Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba sehemu ya maonyesho ya zamani haikuwa ya watu. Yalikuwa ya programu zilizokuwa zikifukua hadi nafasi ya 90 na kitu, ambako binadamu hafiki. Asiyefuatilia habari angedhani ameadhibiwa. Au, akisoma ule mstari mwingine, angedhani ameshinda.

Ndiyo maana nina daftari. La karatasi. Kila Google inapotangaza sasisho kuu, yaani badiliko kubwa la namna inavyopanga matokeo, naandika tarehe ya kuanza na ya kumaliza kutoka kwenye dashibodi yao ya hali ya utafutaji. La Machi 2024 lilianza tarehe 5 Machi likaisha 19 Aprili, siku 45, na ndilo lililoingiza ndani ya mfumo mkuu ile kanuni ya maudhui yenye manufaa iliyokuwa peke yake tangu Agosti 2022. Katikati ya siku kama hizo grafu hucheza kama sindano iliyolegea, na kila mtu anayeuza ushauri anakuwa na nadharia. Mimi siigusi tovuti. Nangoja wiki moja ipite baada ya kumalizika, ndipo nalinganisha na wiki ya kabla ya kuanza, jambo ambalo hata Google wenyewe wanalishauri. Search Console ina kitufe cha kulinganisha vipindi viwili na kinafanya kazi vizuri.

Ile kampuni yangu, tukiwa bado tunaelewana, ilinipa ofa ya kuninunulia viungo vya kunielekezea kutoka tovuti 500, ili Google inione ni maarufu. Nilikataa kwa bahati tu: siku hiyo nilikuwa nimesoma habari ya Penguin, sasisho la Aprili 2012 lililolenga hasa watu wa viungo vya kununua. Baadaye nilifungua ripoti ya viungo ndani ya Search Console nione ni nani wananitaja. Wachache. Lakini ni watu wanaoshona.

Lalamiko langu jingine ni muhtasari wa akili mnemba. AI Overviews, yale majibu yanayotungwa na akili mnemba na kuwekwa juu ya matokeo ya Google, zilianza kuonekana kwa watumiaji wa Marekani Mei 2024 na zimesambaa tangu hapo. Ukurasa wako ukitajwa ndani ya muhtasari, Search Console inahesabu onyesho na mbofyo, lakini inavichanganya na matokeo ya kawaida ya wavuti. Viungo vyote vilivyo ndani ya muhtasari vinapewa nafasi moja, ile ya muhtasari wenyewe. Basi ukiona maonyesho yanapanda na mibofyo inapungua, unaweza kukisia kwamba watu wanajibiwa palepale juu bila kuingia kwako, ila huwezi kuchuja ukalithibitisha. Kwa mtu anayeandika maelezo ya "fanya hivi, kisha hivi", hili ndilo swali kubwa la miaka hii, na chombo rasmi kinanipa shuka moja limefunika wawili.

Vingine nitavipitia haraka. Ramani ya tovuti: unaiwasilisha mara moja na kuisahau; faili moja linabeba hadi anwani 50,000, mimi nina 214 kasoro. Ripoti ya kasi na uthabiti wa ukurasa inatumia vipimo vitatu, yaani kitu kikubwa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200 (kipimo cha INP, kilichochukua nafasi ya kipimo cha zamani, FID, tarehe 12 Machi 2024), na mpangilio usirukeruke zaidi ya 0.1. Vizuri, lakini inategemea data ya wageni halisi wa Chrome, na kwangu kwa muda mrefu ilisema data haitoshi. Picha zangu nilizipunguza uzito kwa akili ya kawaida.

Watu huniuliza pia kuhusu Bing Webmaster Tools, chombo kama hiki cha Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft. Jisajili, haikuchukui muda. Inaweza kuvuta tovuti zako moja kwa moja kutoka Search Console. Ina IndexNow, utaratibu ulioanzishwa Oktoba 2021 na Bing pamoja na Yandex, injini ya utafutaji ya Urusi, ambapo tovuti yako yenyewe inapiga hodi kusema "nimebadilika" badala ya kungoja roboti. Google haijajiunga nao. Wageni wangu kutoka Bing ni wachache, ila wanasoma.

Alama yangu kwa Search Console ni nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeinyima kwa ule ukimya juu ya kurasa zilizosomwa zikaachwa, na kwa kuchanganya muhtasari wa akili mnemba na matokeo mengine. Zile programu za kulipia zina kazi zake, hasa kwa anayetaka kuwachungulia washindani, lakini kwa tovuti moja ya mtu mmoja sioni cha kulipia kabla hujamaliza kusoma hiki cha bure. Naifungua Jumatatu asubuhi, dakika ishirini, kabla ya mashine ya kwanza kuingia. Kurasa zisizoorodheshwa kwanza, maswali mapya baadaye, grafu mwishoni.

Jumatatu iliyopita kwenye maswali mapya palikuwa na "cherehani inapiga kelele ikirudi nyuma". Maonyesho 38, mibofyo 0, nafasi ya 41. Google ilikuwa inawapelekea ukurasa wangu wa kupaka mafuta, ambao hautaji kurudi nyuma popote. Mara nyingi ni vumbi la nyuzi lililoshindiliwa chini ya meno yanayosukuma kitambaa. Unafungua bamba, unasafisha kwa brashi, kelele inakwisha. Rasimu iko mezani, kichwa nimekiandika kama walivyouliza. Picha ya bamba ndiyo sijapiga.